Siku Nilipowapelekea Wakwe Habari za Kasamaki

Leo nacheka kwa sababu nimekwisha kuoa, lakini siku ile, wenzangu, kama ardhi ya Nyangwe ingepasuka ningeingia na viatu vyangu vipya na kuomba wanifunike.

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Kasongo, na munanijua, mudomo wangu haujui kupumzika. Feza, muchumba wangu, alinijua pia. Siku tulipokwenda Nyangwe kupiga hodi kwa baba yake, Papa Sumaili, muvuvi wa Lualaba, alinivuta mukono nyuma ya nyumba akaniambia, "Leo wewe ni bubu, umesikia? Baba mudogo wako atasema yote. Wewe angalia chini." Nikaapa. Na kwetu ndivyo ilivyo: kijana anayeposa hasemi, musemaji wake ndiye anasema, yeye anakaa tu kama muzigo ulioletwa.

Basi tukakaa. Upande ule Papa Sumaili, mutu wa mabega mapana na maneno machache, na dada yake, shangazi Mwamini (huyo ndiye mwenye sauti mu ile nyumba, mama yake Feza alikuwa amekwisha kufariki). Upande huu mimi na baba mudogo Amisi, ambaye pikipiki ilimutikisa tangu asubuhi, na mbele hata hajafungua maneno tumbo likamukamata, akaomba ruhusa, akatoka mbio. Papa Sumaili, kwa huruma nafikiri, akaniuliza, "Mwalimu, unafundisha nini?"

Ningejibu "biolojia" na mambo yakaisha. Lakini wiki ile rafiki yangu wa Salamabila alikuwa amenipa kwa simu video ya kasamaki ka bahari, na mimi ambaye bahari sijawahi kuiona nilikuwa nimeiangalia mpaka macho yananiuma. Nikasema, "Papa, nafundisha maajabu."

Ee, nikaanza! Nikawaambia iko kasamaki kadogo, hakapiti kidole, ka rangi ya chungwa lililoiva na mistari myeupe, kanaishi mu bahari ya joto kati ya mawe yaliyojengwa na vidudu vidogo (ndiyo, shangazi, vidudu vinajenga mawe, tena makubwa kuliko kanisa). Nyumba yake ni kiumbe kama ua lililochanua, chenye mikono inayochoma kuliko upupu, samaki mwingine akiigusa anakufa, lakini kenyewe kamejipaka ute mwili muzima, kanalala mule mule bila wasiwasi. Na watoto wake wakitoka mu mayai wanachukuliwa na maji, mbali sana, wadogo hata huwaoni, wengi wanaliwa, na wale wanaopona wanafuata harufu mpaka wanapata ua la kukaa. Nani aliwaonyesha njia? Papa Sumaili alisogeza kiti. Shangazi akasema, "Mungu wangu!" Feza alikuwa mulangoni na sahani ya karanga, ananitikisia kichwa, acha, acha, na mimi mupumbavu nikafikiri anashangaa kama wengine.

"Na ajabu yenyewe, Papa," nikasema (nilikuwa nimekwisha kusimama, kama niko mbele ya ubao), "mu lile ua muke ndiye mukubwa, ndiye shefu. Muke akifa, mume haendi kutafuta mwingine. Yeye mwenyewe anageuka muke!"

Nyumba ikawa baridi. Nilichokuwa sijui, na Feza hakuniambia kwa sababu ya uchungu, ni kwamba tangu mama yake afariki Papa Sumaili alikataa kuoa tena, alitwanga sombe, majani ya muhogo, mwenyewe, aliwasuka binti zake nywele mwenyewe, na wavuvi wenzake kule kivukoni walimucheka kwa neno lile lile: Sumaili amegeuka muke.

Shangazi Mwamini akasimama. "Wametuletea mutu wa kututukana mu nyumba yetu!"

Hapo mutu mwenye akili angenyamaza. Mimi? "Hapana, shangazi, si matusi, ni sayansi! Tena akigeuka ananenepa, anataga mayai kabisa!"

"Toka! Feza haolewi na huyu!"

Wakati huo huo baba mudogo Amisi akaingia, anafunga mukanda, anapangusa uso, akaanza kwa sauti nzuri, "Wazee wetu, tumekuja kwa furaha kubwa..." Hakuna aliyemuangalia. Karanga zilikuwa chini, Feza analia, na mimi nikajua nimemupoteza kwa mudomo wangu mwenyewe.

Papa Sumaili alikuwa hajatikisika. Akanyosha mukono. "Leta."

"Nini, Papa?"

"Hako kasamaki. Si kako mu simu? Leta."

Nikamupa. Kasamaki kakaonekana pembeni ya jiwe lililojaa mayai, kanayapepea kwa mapezi, kanatoa mabovu kwa mudomo, moja moja, kanakwenda kidogo, kanarudi. Shangazi, na hasira yake yote, akanyosha shingo. Baba mudogo naye. Vichwa vyote juu ya kioo kile kidogo, na hakuna anayepumua.

"Huyu ni mama yao?"

"Hapana, Papa. Ni baba. Mbele hata hajageuka, ni baba anayalinda, usiku na muchana, mpaka watoto watoke."

"Hachoki?"

"Hachoki, Papa."

Akaangalia tena toka mwanzo. Mutu aliyezaliwa kati ya samaki, aliyezeeka kati ya samaki, na alikuwa ameacha mudomo wazi. Kisha akasema polepole, "Mimi nilifikiri ni mimi peke yangu."

Shangazi akakaa, akajifunika uso na kitenge. Papa Sumaili akamugeukia baba mudogo. "Musemaji, ulikuwa unasema nini? Endelea, tunakusikia." (Masikini baba mudogo, mpaka leo hajui nini kilipita akiwa nje.)

Ndiyo maana nimeapa: mbele ya wakwe mimi ni "ndiyo" na "asante", basi, habari za wanyama nitawapa wanafunzi. Lakini kiapo kinanishinda, na kosa si langu. Kila tukifika Nyangwe, hata maji sijanywa, Papa Sumaili ananipeleka kivukoni, ananikalisha katikati ya wale wavuvi wenzake, na kuita kwa sauti kubwa, "Mukwe, leta simu! Tuwaone watu wetu."