Mechi Iliyohamishiwa Jumapili

Mpaka leo nikimsikia mtangazaji akisema mchezo umesogezwa mbele "kwa manufaa ya watazamaji", nazima redio. Wanangu hunicheka, wanasema mama ana ugomvi na mpira. Sina ugomvi na mpira hata chembe, nimekulia kwenye nyumba ya mpira. Ugomvi wangu ni na watu wawili watatu waliokaa ofisini Dar es Salaam, wakafungua kalenda, wakaiona Jumapili yetu haina kitu.

Ilikuwa miaka ile ambayo redio na televisheni za watu binafsi ndiyo kwanza zinaanza kuota. Tulikuwa tumezoea redio moja, sauti ile ile, habari zile zile, na tulipoambiwa kwamba sasa kutakuwa na vituo vingi tulifurahi kama watu wengine. Tulidhani vikiwa vingi hata sisi wa huku tutasikika. Hatukujua kwamba kila kitu kingegeuka bidhaa, hata saa ya kucheza mpira.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Newala. Kaka yangu wa tumbo moja alikuwa golikipa wa timu ya Masasi, na ile ilikuwa timu yetu sote, wa mjini na wa mashambani, wa chini kwenye majabali na sisi wa juu uwandani. Ilipanda daraja kwa jasho na kwa michango. Mwenye korosho alitoa korosho, mwenye lori alitoa lori, na akina mama wa Lisekese, pale Masasi, waliwapikia wachezaji kwa zamu bila kuombwa mara mbili. Kaka aliacha kazi ya useremala ili adake mipira. Nilimwambia amechanganyikiwa, lakini moyoni nilikuwa naringa.

Kupanda daraja tulipanda, heshima hatukuiona. Mechi za timu kubwa zilipangwa Jumamosi na Jumapili, saa kumi jioni, jua likiwa limepoa na watu wamepumzika. Zetu zilitupwa katikati ya wiki, saa nane mchana, jua la utosi, wakati kila mwenye mikono yuko chini ya mikorosho anaokota. Redioni matokeo yetu yalisomwa mwisho kabisa, kama tangazo la dawa ya meno limebakiza nafasi. Walituita "vijana wa korosho", tena kwa kicheko, kana kwamba korosho ni ugonjwa. Gazeti moja lilituweka mkoa mwingine kabisa. Lilikuja na basi likiwa limeshachakaa, tukalisoma tukacheka, lakini kaka hakucheka.

Basi ikatangazwa kwamba timu kubwa ya Dar es Salaam inakuja kucheza Masasi, Jumamosi, saa kumi jioni. Kwa mara ya kwanza tulipewa saa ya watu. Huko kwetu habari ile ilipokelewa kama mvua.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu hatanielewa. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Baba ana nafasi yake, simnyang'anyi, lakini kijana anapotoka jandoni anayesimama naye mbele ya watu ni ndugu wa kiume wa mama yake. Mjomba ndiye anayempelekea nguo mpya, na mjomba ndiye anayetamka jina lake jipya. Jina la utotoni linaachwa kule porini pamoja na kumbi, kibanda cha jandoni, linalochomwa moto, na anayekuja kumwita kijana kwa jina lile baadaye amemtukana. Jina jipya mjomba hukaa nalo moyoni, hamwambii mtu hadi siku yenyewe ifike.

Mwanangu wa kwanza alikuwa jandoni likizo ile, na kaka alikuwa mjomba wake pekee. Mama yetu alizaa wawili tu. Tangu mtoto anazaliwa kaka alikuwa akinitania kwamba jina analo tayari. Nilijaribu kumchokonoa, nikampikia hata kuku, akala akanawa mikono akaniambia, "Mdogo wangu, kuku wako mtamu, lakini subiri kama mama wengine."

Siku ya kutoka ilikuwa imepangwa Jumamosi ile ile ya mechi. Wazee wakakaa. Si wa kijiji chetu tu, hata wa vijiji jirani, maana wari, vijana wa jandoni, walikuwa wengi msimu ule na kila mmoja alikuwa na watu wake waliotaka kwenda Masasi. Wakaamua kitu ambacho wazee wetu hawakuwahi kukifanya hata kwa ajili ya mkuu wa wilaya: siku ya kutoka waliiondoa Jumamosi wakaipeleka Jumapili, kwa ajili ya mpira. Watu wakatumwa kwa baiskeli kupeleka taarifa. Malori ya korosho yakapatikana kwa ajili ya Jumamosi. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, kwa hiyo Jumapili ilikuwa ndiyo siku ya mwisho, lakini nani alijali? Kaka atadaka Jumamosi mbele ya watu wake, atapanda lori na watu wake kurudi Newala, na Jumapili atasimama na mpwa wake. Nilipolala usiku ule nililala kama mtoto.

Alhamisi jioni nilikuwa nachambua mchele, redio iko dirishani. Nikasikia kwamba mchezo wa Masasi umesogezwa hadi Jumapili, saa kumi jioni, kwa manufaa ya watazamaji wa televisheni. Kituo kipya kitaurusha moja kwa moja. Jumapili jioni watu wa Dar wako majumbani, na wenye sabuni na soda hulipia matangazo yao vizuri siku hiyo. Hilo la sabuni hawakulisema redioni, nililijua baadaye, lakini mtu mzima haambiwi kila kitu.

Watazamaji! Newala nzima televisheni iliyokuwa ikiwaka ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa korosho mwenye jenereta na ungo. Watazamaji wa mechi ile tulikuwa sisi, wenye macho yetu, na sisi hakuna aliyetuuliza.

Nilivaa kanga nikaenda mbio kwa mzee wa jando. Nilimkuta barazani anatafuna muhogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama mwalimu. Najua kilichokuleta."

Nikamwomba siku irudishwe Jumamosi. Hakunikaripia. Alitafuna kwanza akamaliza.

"Nimetuma watu mpaka mabondeni kusema Jumapili," alisema. "Wengine wako njiani tayari. Nitume tena kusema Jumamosi? Watasema wazee wa huku wamekuwa vichaa. Ntoto hatoki jandoni kwa kufuata redio, mama."

"Na mjomba wake?"

"Mjomba wake aombe ruhusa. Asubuhi tunatoa watoto, mchana anashuka Masasi. Mpira si saa kumi?"

Ilikuwa kweli. Nikashukuru, na Ijumaa alfajiri nikapanda gari kwenda Masasi. Timu ilikuwa kambini, katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Kaka aliponiona tu alijua. Tuliingia kwa kocha pamoja, mimi nikiwa nimejipanga kusihi. Kocha hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa mtoto wa huku huku na alijua jando ni nini. Lakini alikuwa ameshaambiwa kwamba Jumapili asubuhi watu wa televisheni watafika kambini kuwapiga picha wachezaji na kuwahoji, mmoja mmoja, na golikipa na nahodha ndio walioombwa hasa.

"Dada yangu," aliniambia, "hawa watu hawajawahi hata kututaja vizuri. Leo wanakuja na kamera. Nikikosa golikipa wangu watasema nini?"

Nilimgeukia kaka. Nilitaka agome. Nasema kweli, nilitaka avue jezi pale pale. Kaka aliangalia chini, akaniambia polepole kwamba akiongea kwenye kamera atasema Newala, atasema Masasi, atasema watu wake, nchi nzima imsikie. Ni mara moja tu, akasema. Nikaondoka bila kumuaga, na hasira ile nilirudi nayo hadi juu.

Jumapili asubuhi moshi wa kumbi ulipanda, vigelegele vikapigwa, wari wakaletwa wamefunikwa nguo. Kila kijana alisimamishwa, mjomba wake akasogea. Wa kwangu aliposimamishwa hakuna aliyesogea. Nilimwona anageuza shingo, taratibu, akitafuta. Alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa, miguu ina vumbi. Mwishowe mjomba wa mama yangu, mzee aliyekuwa hasikii vizuri tena, akainuliwa kutoka kwenye mkeka akashikwa mkono hadi kwa mtoto. Hakuwa amejiandaa. Aliuliza ni mtoto wa nani, akaambiwa kwa kupigiwa kelele sikioni. Akampa mtoto jina lake mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililomjia. Vigelegele vikapigwa. Mimi sikupiga.

Na Masasi? Niliyasikia baadaye, kwa waliokuwepo. Gari la kamera lilifika saa sita mchana. Wachezaji wetu walikuwa wamekaa tangu asubuhi wamevaa jezi mpya, wanaogopa hata kula zisichafuke. Watu wa kamera walishuka, wakala, wakaenda kuipiga picha timu kubwa ikishuka kwenye basi lake. Kambini kwetu hawakufika. Kaka hakuulizwa hata jina.

Uwanjani upande mmoja ulijaa wapenzi wa timu kubwa, wengine wamekuja na mabasi, wengine wenyeji wa mjini. Upande wetu ulikuwa na watu wa kuhesabika. Malori yalikuwa yamelala, wenyewe walikuwa Newala na vijiji vyake wanakula wali wa jando. Mitambo ya kurusha moja kwa moja ikagoma. Wakarekodi kwenye kanda, kanda ikasafirishwa Dar es Salaam, na mchezo uliohamishwa ili uonekane Jumapili ukaonyeshwa Jumatano.

Jumatano ile mfanyabiashara wa korosho aliitoa televisheni uani. Tulijaa, watoto mbele, akina mama mkekani, wanaume wamesimama. Nilikwenda na mwanangu katika nguo zake mpya, ambazo mjomba wake alikuwa amezituma kwa dereva wa lori. Mchezo ulikuwa umeshaanza kuonyeshwa tuliposikia watu wanashangilia nyuma. Kaka alikuwa amefika, begi begani, amepewa ruhusa mchana huo. Walimpisha kama mkubwa fulani, akaja kukaa mkekani karibu yetu.

"Shikamoo, mjomba," mwanangu alimwamkia.

"Marahaba, mjomba," kaka alimjibu, akamshika kichwa.

Mimi nilimwamkia pia. Hatukuwa na nafasi ya kusema zaidi, kelele zilikuwa nyingi. Kaka alidaka vizuri kipindi cha kwanza, vizuri kweli kweli, watu wakawa wanampigapiga mgongoni kana kwamba anadaka pale pale uani. Kisha wakatufunga, wakatufunga tena. Mtangazaji alikuwa anawajua wachezaji wa timu kubwa kwa majina yao, ya utani na ya baba zao. Kaka yangu aliitwa tu "golikipa wa Masasi".

Kamera ikageuka ikaonyesha upande wetu. Majukwaa ya mbao, mbuzi mmoja, na watu wachache wenye miavuli. Ikakaa hapo muda mrefu. Mtangazaji akacheka. Akasema watu wa kusini bado hawajauelewa mpira, timu yao inacheza mechi kubwa ya maisha yake na wao wamelala majumbani. Akasema, "Mwonee huruma golikipa huyu, hata ndugu zake hawakuja kumwona."

Pale mkekani tulikuwa ndugu zake wote, mimi, mama yetu, mjomba wa mama yetu asiyesikia. Mtu mmoja akatukana kwa Kimakonde, tusi zito. Hakuna aliyemkemea, hata wazee. Mimi nilitaka kuwaambia wale watu wa Dar mahali tulipokuwa na kwa nini, lakini utamwambia nani? Televisheni inasema, haisikilizi.

Kaka aliangalia kile kioo mpaka picha ikahamia kwenye tangazo la sabuni. Ndipo akamwinamia mwanangu, taratibu, kwa aibu ambayo sijapata kuiona kwa mtu mzima, akamuuliza, "Mjomba, wamekuita nani?"

Mwanangu akamtajia.

Kaka akalirudia jina lile mara moja, kama mtu anayejifunza neno la watu wengine. Akasema ni jina zuri. Lile alilokuwa nalo yeye hajalitaja mpaka leo, na mwanangu hajawahi kumuuliza.