Jina Juu ya Pakiti

Shangazi yangu alikuwa na maringo ya kitu kimoja tu: jina lake. Si lile la kwenye kitambulisho, la kwenye pakiti. Miaka ishirini na sita alifunga vifaa vya upasuaji hospitalini. Anapanga mikasi na koleo, anavifunga kwa kitambaa cha kijani, anabandika utepe mweupe, anaandika jina lake kwa kalamu nene, kisha pakiti inaingia kwenye mashine ya mvuke kuua vijidudu. Joto likitosha, utepe unageuka mweusi. Desturi ya jina aliianzisha yeye: "Ukiogopa kuandika jina lako, basi usifunge!" Wenzake walimwita Bi Utepe, ila mbali na masikio yake.

Siku moja ikaja semina ya maadili kazini. Mwezeshaji, tai imemfika kitovuni, akasema mtu hutenda haki kwa njia tatu: ama anafuata kanuni, ama anapima matokeo, ama ndivyo alivyo tu. Akamgeukia shangazi. "Wewe, mama, uko wapi hapo?"

"Mimi naandika jina langu," akajibu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Sasa sikieni mkosi. Kwa kuwahi semina hiyo hiyo, asubuhi alitoa pakiti kwenye mashine akazipeleka juu, chumba cha upasuaji, bila kutazama utepe. Aliporudi kutoka semina akaziona pakiti zilizobaki mashinini: tepe zake nyeupe pe! Mashine haikupata joto. Na huko juu mama wa watoto wanne alikuwa ameshalazwa kitandani, anangoja kisu.

Shangazi ana goti bovu, lakini ngazi zile alizipanda mbio. Akausukuma mlango: "Simameni! Vifaa havijaiva! Kosa langu!"

Daktari alikuwa ameshanyoosha mkono. Nesi wa chumba kile, ambaye kazi yake ni kutazama utepe kabla ya kufungua, ndipo akautazama.

"Dada, niliona jina lako," akasema. "Nikafungua."

Neno hilo lilimkata maini kuliko barua aliyopewa ya kujieleza. Na barua yenyewe haikuwa mchezo: alibakiza mwaka mmoja astaafu, na wangeweza kumfukuza. Mkuu wake, aliyempenda, akamnong'oneza, "Andika mashine iliharibika. Si uongo. Yaishe."

Nyumbani nikamshikia bango. "Shangazi, andika hivyo! Au unataka tule mawe?"

"Mashine haikuandika jina, mwanangu."

Akaandika kosa lake, akatia saini. Nilikasirika, jamani! Siku mbili sikumsemesha. Mama yule alipasuliwa kwa vifaa vingine akapona, na shangazi hawakumfukuza. Walimwondoa tu kwenye vifaa, wakampeleka kukunja mashuka.

Siku yake ya kwanza huko alisahau miwani, nikampelekea. Nikamkuta kwenye korido amemshika nesi yule mikono yote miwili.

"Mdogo wangu, nakusihi," alikuwa akisema. "Ukiona jina, liwe langu, liwe la nani, usiliamini. Tazama utepe."

Nesi aliitikia huku analia. Shangazi akapokea miwani, akaivaa, akarudi kwenye mashuka yake. Mimi nikabaki nimesimama pale na hasira zangu, sina pa kuziweka.