Nyongo ya Shangazi

Walisema sitaweza kupatanisha hata kuku wawili wa banda moja. Aliyeanza ni mjomba wangu, siku ya karamu ya kurudi kwangu, huku akitafuna nyama niliyoinunua mimi.

"Ulienda Tanzania kusoma kuimba?" aliniuliza. "Miaka yote ile? Apa kwetu Panda batoto banaimba bila kusoma!"

Jirani mmoja akaongeza kwamba nilipoondoka sikuweza kubeba ndoo bila kumwaga maji, sasa nitabebaje amani. Walicheka wote. Niliwaacha wacheke. Mtu aliyebeba mizigo stendi ya Morogoro mchana, akafundisha gitaa jioni, akajilipia ada mwenyewe mpaka diploma ya muziki na usuluhishi, hana haraka ya kumjibu mtu anayetafuna.

Diploma niliitundika sebuleni kwa shangazi yangu, juu ya picha ya Bikira Maria. Shangazi akazibadilisha. Nikazibadilisha tena. Mwishowe tulikubaliana zikae sambamba, na huo ukawa usuluhishi wangu wa kwanza mjini Likasi.

Wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Mtaa wetu una pande mbili za barabara. Upande wetu ni wenyeji wa Katanga. Ng'ambo ni familia zenye asili ya Kasai, ambazo babu zao waliletwa kufanya kazi mgodini. Nilipokuwa mtoto, watu wa Kasai walifukuzwa. Walilala stesheni wakingoja treni, na wengine hawakufika walikokuwa wakienda. Waliorudi baadaye waliikuta barabara ileile, lakini salamu zilikuwa zimekwisha. Parokia ni moja, kwaya ni mbili. Moja inaimba, nyingine inangoja nje mpaka ya kwanza itoke, kama zamu za kiwandani.

Nikatangaza Jumamosi moja ukumbini kwa paroko: mazungumzo kwanza, muziki baadaye. Sikumpigia magoti mfadhili yeyote. Niliazima kila kitu. Mabenchi kwa paroko, spika kwa mama mwenye baa, jenereta kwa mjomba yuleyule, aliyenipa kwa sharti kwamba nikishindwa nitalirudisha likiwa limejaa mafuta, na nikifaulu vilevile.

Kilibaki chombo. Nilikuwa nimetunga wimbo wa amani wa beti saba, Kiswahili fasaha mwanzo hadi mwisho, nao ulitaka marimba. Nikakumbuka kwamba shangazi alikuwa nayo chini ya kitanda, imefungwa kitenge, na sikuwahi kumwona mtu akiipiga. Nilipoiomba aliivuta nje, akakaza fundo la kitenge.

"Beba," alisema. "Lakini usiifungue mbele ya siku kufika. Na ujue, miye niko na nyongo na batu ya ile nyumba ya ng'ambo. Nyongo ya zamani. Inanikula. Sitaki kufwa nayo."

Nyumba aliyoionyesha ilitazamana na yetu. Alikaa humo mfanyabiashara wa unga, mtoto wa karani wa zamani wa mgodi.

Hapa lazima nieleze neno moja. Katika Kiswahili nilichosomea, nyongo ni ule uchungu wa kijani unaokaa pamoja na ini, na mwenye nyongo na jirani yake ana chuki iliyokomaa. Katika Kiswahili cha kwetu Katanga, nyongo ni deni. Basi. Kila mtoto wa Likasi anajua hivyo, na mimi nilijua kabla elimu haijanizidi. Siku ile nilisikia chuki, tena nikafurahi, kwa sababu chuki ndiyo niliyosomea.

Nikavuka barabara mara moja. Mfanyabiashara alinipokea mlangoni, mkono mmoja ukiwa bado umeshika fremu.

"Sikuja kukuficha, ndugu," nilisema. "Shangazi yangu ana nyongo na nyumba hii."

"Nyongo? Na siye?"

"Na nyinyi. Tangu wakati wa baba yako. Inamla."

Mkono ukaiachia fremu. "Mama!" alimwita mkewe. "Leta kiti! Leta na soda!" Kisha akaniinamia. "Na anataka kulipa?"

"Kulipa kisasi? Hapana kabisa! Anataka itoke kabla hajafa."

"Itoke siku gani?"

"Jumamosi, ukumbini, mbele ya watu wote."

"Tutakuya," alisema. "Tutakuya siye bote."

Niliondoka nikiamini nimemtuliza simba. Kumbe nyuma yangu, mkewe alinisimulia baadaye, mume na mke walianza kuorodhesha kila walichokiacha siku ya treni: baiskeli, cherehani, mbuzi wawili.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Familia ya mfanyabiashara ilikaa benchi la mbele, imevaa kama siku ya ndoa. Shangazi alikaa karibu na marimba, ambayo ilikuwa bado imefungwa. Nikafungua kwa swali la kitaaluma: "Unahisi nini ukimwona jirani yako wa ng'ambo?"

Mzee mmoja wa kwaya yetu akanyoosha mkono.

"Prezida, transpo itatoka sasa ao nyuma ya semina?"

Kwetu watu wamezoea semina. Anayekuja kukaa hulipwa transpo, yaani nauli, hata kama amevuka barabara tu. Nilipojibu kwamba nauli haipo, mama mmoja wa kwaya ya ng'ambo alisimama.

"Tata muzee anasema kweli! Na siye tulikuya na miguu!"

Kwaya mbili zikapigiana makofi. Nikaandika ubaoni: makubaliano ya kwanza.

Hayakuchukua muda. Niliuliza ni kwaya gani itatangulia kuimba, na hapo mambo yakaharibika.

"Siye njo benye mahali!" walipaza sauti wa upande wetu.

"Na hii kanisa, nani aliijenga?"

Benchi moja likaanguka. Paroko akalitazama benchi, kisha akanitazama mimi. Nikachomoa silaha yangu ya mwisho.

"Shangazi yangu," nilitangaza kwa spika, "sasa atatoa nyongo yake."

Makelele yakakatika. Hakuna onyesho Likasi linaloshinda mtu kulipa deni hadharani.

"Weye mutoto," shangazi alisema, "nani alikutuma kunivua nguo mbele ya batu?" Lakini alisimama, akakivuta kitenge. "Hii ni ya tata yenu, baba yenu ule karani. Siku ya kwenda stesheni aliniletea. Alisema, nichungie, nitarudia."

Mfanyabiashara alisogea taratibu. "Alikufwa mu njia, mama. Na siye tulizani mulishaipikia."

"Tulipikia," alisema shangazi. "Moja."

Ndipo sote tukaliona pengo. Kati ya vibao, kimoja hakikuwepo.

"Ilikuwa mwaka ya njaa," aliendelea. "Mvua, na makala ya kupikia haina. Nilichoma kibao kimoja, nikasonga bukari ya unga, ikaiva, batoto bakakula. Mulirudia mu nyumba yenu, nikaogopa. Bakwetu banasema, ukirudisha marimba, kesho bataomba na nyumba. Na mimi mwenyewe nasema, nitarudisha kitu nusu na uso gani? Njo nyongo yangu."

Mfanyabiashara alipitisha kidole penye pengo. Baiskeli na cherehani sikumsikia akizitaja, wala siku ile wala baadaye.

"Na ile bukari," aliuliza, "ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa na moshi."

Mtu mmoja akacheka nyuma, kisha ukumbi mzima. Mfanyabiashara akazishika fimbo za marimba, akaanza wimbo ambao baba yake alikuwa akiupiga barazani, na ambao watu wazima wa pande zote mbili za barabara waliujua. Ulipofika penye pengo ukakatika. Ukakatika tena. Mara ya tatu shangazi akaijaza ile sauti kwa kinywa chake, "Hee!", na mara ya nne kwaya zote mbili zikamsaidia. Hakuna aliyeuliza tena nani anatangulia.

Wimbo wangu wa beti saba haukuimbwa. Lakini nani aliazima ukumbi?

Jumatatu nilirudisha kila kitu. Mabenchi yote yalikuwa mazima, pamoja na lile lililoanguka. Spika ilifika baa kabla ya wateja. Jenereta lilifika kwa mjomba likiwa limejaa.

"Haukufanya kitu," alisema mjomba. "Hata neno haukusikia."

"Nilifikisha ujumbe bila kuuelewa," nilimjibu. "Wenzangu wanauelewa na hawaufikishi."

Ilibaki marimba. Nilimpelekea shangazi, maana ndiye aliyeniazima. Hakuipokea. Alitoka na kibao kipya, alichochongewa na seremala wa Shituru, amekifunga kwenye kitenge kama mtoto, akanitangulia kuvuka barabara ambayo hakuwahi kuivuka tangu ile treni iondoke.

Ng'ambo alisalimiwa na nyumba nzima, akapewa kiti. Mfanyabiashara akakifunga kibao penye pengo, akakigonga. Kililia kama kopo.

"Sauti yake mubaya," alisema.

"Itajifunza," alijibu shangazi. "Sasa nyongo imeisha?"

"Imeisha, mama." Kisha akanigeukia. "Ya mama imeisha. Bado yako. Transpo!"

Nikavuta kiti, nikakaa karibu na shangazi. Nauli ya semina si mkopo, kwa hiyo si nyongo. Hilo nililisomea.