Mkoba wa Mama Elihuruma Waenda Mnadani

Ukimpelekea Hanna, yaani Mama Elihuruma, mkoba akuambie kama ni wa ngozi, hakuulizi ulikoununua. Anakuuliza kama umekula, anafuta mikono kwenye kanga, ndipo anaupokea. Anaubana kwa kidole gumba na kutazama mikunjo inavyokimbia. Anaufungua na kutafuta ukingo ambao fundi amesahau kuufunika, maana kwenye ukingo ndiko siri inakokaa: ngozi ina nyuzinyuzi kama mgomba uliokatwa, na isiyo ngozi ina kitambaa kilichogundishwa. Mwisho anafumba macho na kuunusa, polepole, kama mtu aliyeinama kusali.

Halafu inatoka hukumu. Mkoba ukiwa wa ngozi anasema, "Huyu alikula majani." Usipokuwa wa ngozi anaurudisha kwa vidole viwili na kusema, "Huyu hajawahi kula majani," na mwenye mkoba anajua kwamba hakuna rufaa.

Hayo hakujifunza kwa mtu wa dukani. Ujanani alifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha ngozi mjini Arusha, kilichofungwa siku nyingi, kwenye meza ya kupanga ngozi kwa madaraja ya ubora. Ngozi zilipita mbele yake mchana kutwa naye akizisoma: hapa kupe aliuma, hapa ng'ombe alipita kwenye miba, hapa mchunaji alikuwa na haraka kisu kikateleza. Mumewe alimtaka aoge mara mbili kabla ya kuingia jikoni. Kiwanda kilipofungwa alirudi kwenye kahawa na migomba yao juu ya Makumira, bila kiinua mgongo cha maana, lakini pua yake alirudi nayo nzima.

Tangu hapo wanawake wa kanisani kwake hawanunui hata mkanda bila kupita kwake. Na hawaachi kupewa somo. Ukinyeshewa, Hanna huwaambia, ujaze mkoba magazeti uuache kivulini, usiuanike juani kama mahindi. Usiufungie mahali pasipo hewa, ngozi inapumua. Upake mafuta kidogo kila baada ya miezi miwili, kidogo kama unayompaka mtoto mdomoni. Na kovu la kupe lisikuudhi, hilo ndilo linaloonyesha kwamba mnyama aliishi mahali fulani.

Sasa, kuna jambo moja lililomkosesha Hanna raha kwa miaka sita, nalo ni hili: mkoba wake mwenyewe haukuwahi kula majani.

Aliununua kwenye mitumba ya Tengeru, siku ya soko, mvua ikinyesha na muuzaji akifunga turubai. Ulikuwa mweusi, mzito, una bizimu la shaba mbele na mshono mnene. Hanna alikuwa na mafua makali. Aliubana haraka, akaunusa, akasikia tu dawa ya kuchua aliyojipaka puani. Jirani yake Anande alikuwa amesimama pale pamoja na wanawake wengine watatu, wote wakimtazama yeye, si mkoba. Hanna akasema kwa sauti ya meza ya madaraja, "Huyu alikula majani. Tena ya mlimani."

Mafua yalipoisha, siku ya tatu, aliufungua mkoba juu ya kitanda akaunusa tena. Ulinuka kama tairi jipya. Lakini kufikia siku hiyo Anande alikwisha kuwaambia watu wa huku juu mpaka wa Usa River kwamba Mama Elihuruma amepata ngozi ya ndama ambayo hata madukani mjini haipatikani.

Mwingine angesema, jamani, nilikosea. Hanna si mwingine. Alikwenda kabatini akatoa mkanda wa marehemu mumewe, ngozi ya ng'ombe dume aliyenona, akakata kipande kama kidole, akafumua bitana ya mkoba kwa wembe na kukishonea ndani. Kuanzia hapo mkoba ulinuka kama zizi safi. Kona zilipoanza kumenyuka alizipaka rangi ya viatu kila Jumamosi mchana, mlango ukiwa umefungwa. Hakumwazima mtu. Hakuuweka juani hata dakika tano, kwa hofu usije ukajikunja. Watu wakasema, tazameni mtu anayejua ngozi anavyoitunza.

Aliyekuwa akiutazama mkoba huo kuliko wote ni Naserian, binti kutoka Engutoto aliyeolewa huku, mwenye saluni ya nywele pale Usa River. Miaka miwili iliyopita alileta mkoba wa kahawia ambao kaka yake alimletea kutoka Nairobi. Aliuleta vibaya, nje ya kanisa, mbele ya watu wote. Hanna alimrudishia kwa vidole viwili na hukumu yake. Naserian alicheka pamoja na wengine. Lakini alicheka kidogo zaidi yao, na Hanna aliligundua hilo.

Kanisa lao dogo lina desturi ambayo wenzao wa sharika nyingine wanayo pia: asiye na fedha hutoa alichonacho. Mikungu ya ndizi, mayai, jogoo aliyefungwa miguu, vyote huwekwa mbele, na ibada ikiisha hupigwa mnada uwanjani. Msimu uliopita Anande alileta mayai kwenye kikapu chake kizuri cha harusi, kisha akaomba arudishiwe kikapu. Hanna ndiye aliyesimama. "Ukishaweka mbele umetoa," alisema. "Chombo kinakwenda na kilichomo. Au Mungu tunampa mayai kwa kikapu cha kuazima?" Watu walicheka, kikapu kikauzwa, na tangu siku hiyo ikawa sheria.

Jumapili tunayoizungumzia, Hanna alitoka nyumbani na maparachichi kumi kwenye kikapu cha zamani. Langoni pa kanisa kikapu kikaachia kitako. Mifuko ya nailoni ilishapigwa marufuku, na kitenge alichokuwa nacho ndicho alichovaa. Akatoa miwani, simu na kitabu cha nyimbo kwenye mkoba wake mweusi, akayapanga maparachichi humo ndani.

Nia yake ilikuwa akifika mbele ayamwage kwenye mkeka abaki na mkoba. Lakini kwaya iliongeza mwendo, na nyuma yake alikuwapo mzee mwenye mkungu wa ndizi begani, mkungu ukimsukuma kisogoni kila alipopunguza hatua. Hanna aliuweka mkoba chini kwa kitambo kidogo tu, ili apumue. Kuja kugeuka, mstari umeshamrudisha kwenye benchi, na mkoba umekaa kati ya jogoo na debe la maharage kama mgeni rasmi.

Ibada ilipoisha alitoka mbio kuliko umri wake, akamkuta Sifaeli ameshaushika.

Sifaeli, au Baba Anaeli, ni mzee wa kanisa, lakini siku za kazi ni dalali wa ng'ombe, na mnada wa kanisa huuendesha vilevile, kwa fimbo. "Ndugu zangu," alisema, "hapa tuna maparachichi kumi ya siagi. Na mkoba wake. Mkoba wa nani huu?"

"Wa Mama Elihuruma," walijibu kwa pamoja.

"Baba Anaeli," Hanna alisema kwa upole, "huo umepita kwa bahati mbaya. Uza maparachichi, mkoba nipe."

Kabla Sifaeli hajajibu, sauti ya Anande ilitoka pembeni, laini kama maziwa. "Chombo kinakwenda na kilichomo, mama. Au Mungu tunampa maparachichi kwa mkoba wa kuazima?"

Uwanja mzima ulicheka. Mchungaji aliangalia viatu vyake.

"Elfu kumi," alisema Hanna haraka.

"Ishirini," alisema Naserian. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, na watu wakampisha.

"Ishirini na tano."

"Arobaini."

"Mnaona wenyewe," alisema Sifaeli, akiuinua mkoba juu. "Mnadani nikimwona mtu anamng'ang'ania ng'ombe wake mwenyewe, najua huyo anatoa lita kumi."

Hanna aliona yote yatakayofuata kana kwamba yameandikwa ukutani. Mkoba utawekwa saluni. Utashikwa na wateja kutwa nzima, utapigwa na joto la mashine za kukaushia nywele. Haitafika wiki kona zitatoka kama ganda la yai, na Naserian atakuja nao hapa hapa uwanjani, aurudishe kwa vidole viwili. Miaka tisa ya kiwandani na miaka yote ya hukumu itakwisha siku hiyo. Akaona ni afadhali aibu aitaje kwa kinywa chake.

Alisimama wima, kitabu cha nyimbo kifuani. "Naomba niseme ukweli mbele ya watu. Mkoba huo si ngozi. Ni plastiki. Niliununua Tengeru nikiwa na mafua, nikakosea."

Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikapita uwanjani kama upepo kwenye mahindi. Sifaeli alicheka mpaka akavua kofia.

"Miaka thelathini nauza ng'ombe," alisema akijifuta macho. "Mtu akisimama hadharani kumtukana wa kwake, anataka bei ishuke arudi naye nyumbani. Mama Elihuruma, hata wewe?"

"Nasema kweli, Baba Anaeli."

"Hebu," alisema Naserian, akaja mbele. Aliupokea mkoba, akaufungua, akatumbukiza pua katikati ya maparachichi. Alikaa humo muda mrefu. Mkanda wa marehemu ukafanya kazi yake. Naserian aliinua uso, ameridhika kabisa. "Hamsini," alisema.

"Sitini," alisema mwalimu mstaafu mmoja ambaye hadi dakika hiyo alikuwa anangoja jogoo.

"Sabini."

Ukaenda kwa Naserian, kwa sabini. Kwa miaka sita Hanna alikuwa ameudanganyia mkoba ule, na siku aliyousemea ukweli ndiyo siku ulipopanda bei. Akashuka nyumbani na miwani mkononi. Anande akamfuata nyuma, akamwambia pole, ila sadaka ya leo imependeza.

Jumanne alikuja mama mmoja na mkoba wa kuchunguzwa. Hanna akamwambia pua imeziba. Jumatano akakataa mwingine. Kila pikipiki iliyopanda mlima ilimfanya achungulie dirishani, akitarajia kumwona Naserian amepakiwa na ushahidi.

Naserian hakuja. Jumapili alitokea kanisani, mkoba kwenye mkono, akitembea kana kwamba una mayai ndani. Wanawake walimzunguka kuushika, naye akawa anawakataza wasiushike sana. "Ni ngozi ya ndama," Hanna alimsikia akisema. "Haitaki jasho." Hanna alipitisha jicho kwenye kona ya chini, upande wa kushoto, kona anayoijua kuliko vidole vyake. Ilikuwa imepakwa rangi ya viatu. Tena imepakwa vizuri, na si yeye aliyeipaka.

Jumatatu saluni hufungwa. Saa nne asubuhi Naserian alibisha hodi, mkoba ukiwa ndani ya foronya ya mto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Mimi nimekula. Huyu ndiye hajala." Aliuweka mkoba mezani. "Hajawahi kula kitu huyu."

"Nilikuambia mbele ya watu."

"Uliniambia. Ndiyo maana nimekwama. Nikisema ni plastiki wataniuliza, si uliambiwa? Sabini nzima, na maparachichi yenyewe manne yalikuwa mabovu."

"Matatu," alisema Hanna.

Naserian alijaribu kukunja uso ukakataa kukunjika. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha Hanna naye akashindwa kujizuia, wakacheka mpaka kuku wakatoka chini ya meza. Walipotulia, Naserian alifungua karatasi ndogo na kuweka mezani kipande cheusi kama kidole.

"Nilikifuata kwa pua mpaka nikafumua bitana. Ni nini hiki?"

"Mkanda wa marehemu."

Naserian alikitazama kipande kwa heshima. Akakinusa. "Samahani kuuliza, mama. Marehemu alikuwa mnene?"

"Kwa nini?"

"Najiuliza kama mkanda umebaki. Hiki kimeanza kuisha harufu, na Jumapili kuna harusi."

Hanna aliinuka akaenda kabatini. Alirudi na mkanda, wembe na uzi mweusi, akapima kwa kidole chake na kukata palipo na matundu machache. Alishona, miwani kwenye ncha ya pua.

"Na ule wa kahawia," alisema bila kuinua kichwa, "aliokuletea kaka yako. Uko wapi?"

"Dada wa kazi anawekea vitunguu."

"Ulete."

Naserian alisogea mbele kwenye kiti. "Kwani alikula majani yule?"

"Hapana," alisema Hanna, akikata uzi kwa meno. "Lakini mkanda bado ni mrefu."