Uvunguni mwa Nyumba ya Mama Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Sydney, mkaguzi mkuu, mzee mfupi mwenye sauti kavu, alinipa tochi na ovaroli akaniamuru niingie uvunguni mwa nyumba. Nyumba za kiwandani huletwa kwa lori zikiwa zimekamilika, zikashushwa kiwanjani. Sisi tulithibitisha kama zina msingi wa kudumu: nguzo fupi za zege zilizochimbiwa ardhini, na nanga, yaani vyuma vinavyoishika fremu isiinuliwe na upepo. Bila hivyo benki huiona nyumba kama karavani, na mkopo wa nyumba hupati.

Mzee alipostaafu, akaja meneja mpya. Kisha korona ikatufungia ndani, ukaguzi ukawa wa video. Muuzaji anapitisha simu uvunguni, nasi tunatazama tukiwa sebuleni.

Wakati huo Mama Furaha, Mkongo wa mtaa wetu wa Auburn aliyefanya kazi ghalani, alipata nyumba ya kununua nje ya mji. Nikatazama video yake. Zege safi, boliti zinang'aa. Lakini udongo wa uvunguni ulikuwa mwekundu, na picha za uani zilionyesha mchanga mweupe.

"Pitisha," meneja akaniambia kwenye simu.

"Nataka kwenda mwenyewe."

"Kwani unamshuku nani?"

Nilishaanza kumshuku yeye, kwa ile haraka yake.

Masharti yalipolegezwa nikaenda, barakoa usoni. Mama Furaha alinisubiri getini. Nikatambaa. Hakukuwa na zege wala nanga, ni matofali tu yaliyopangwa juu ya mchanga. Nililisukuma moja kwa kiganja, likacheza.

"Mama, hii nyumba haijashikwa na chochote," nikamwambia nilipotoka.

"Papa, batoto bamesha chagula byumba bya kulala. Sema tu iko muzuri. Banki itajua namna gani?"

"Benki haitalala humu. Mtalala nyinyi."

Aliondoka bila kuniaga. Nikakataa kuipitisha.

Meneja hakunigombeza. Alinipunguzia kazi kimyakimya mpaka nikastaafu. Kama alikuwa na lake na yule muuzaji, sijui hadi leo, na bado hunikosesha raha. Nyinyi vijana mnaokagua kwa simu, jiulizeni nani ameishika hiyo simu.

Majuzi Mama Furaha alinipigia. Amepata nyumba nyingine. Habari za benki hakuzigusa.

"Papa," aliuliza, "utakuya lini kutambaa?"