Nilivyochagua firewall baada ya folda yangu kuonekana kwenye Wi-Fi ya gesti Bwera

Wakuu, salamu kutoka Kasese. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na pale nisipokuwa na hakika nitasema hivyo.

Kazi yangu ni kutafsiri. Kanisa moja la huku linasuluhisha mgogoro wa ardhi ya wajane wa Karusandara, nami huyatoa maelezo yao kwenye Lhukonzo, lugha ya huku, na kuyaandika kwa Kiingereza. Wajane walikubali kusema kwa sharti moja: shemeji zao, wanaoidai ardhi hiyo, wasijue nani kasema nini kabla ya kikao.

Maelezo yote yalikuwa ndani ya kompyuta yangu.

Nilikwenda Bwera, mpakani, kumsikiliza shahidi wa mwisho, nikafikia gesti ya Mama Kabugho. Nilipojiunga na Wi-Fi yake, kompyuta ikauliza: mtandao huu ni Private, wa nyumbani, au Public, wa umma?

Mama Kabugho alikuwa amesimama ubavuni mwangu na chupa ya chai, macho kwenye skrini. "Karibu nyumbani, mwalimu."

Wakuu, kwetu mtu hakaribishwi nyumbani halafu akapaita sokoni, tena mbele ya mwenyeji. Nikabofya Private.

Kwa asiyejua: firewall ni bawabu wa kompyuta. Ukichagua Private, unamwambia kwamba waliomo kwenye mtandao ule ni watu wa nyumbani, naye hulegeza mlango. Nami nilikuwa na folda niliyoiacha wazi bila nywila, ili mwenzangu wa ofisini aisome.

Asubuhi, tukinywa chai, Kambale, mnunuzi wa kahawa kutoka ng'ambo ya mpaka, akaniinamia na Kiswahili chake cha kwao.

"Mwalimu, iko folda yako inaonekana ku mashine yangu. Inaitwa Wajane."

Nikaweka mkate chini. "Umeifungua?"

"Mimi? Bintu bya bajane mutu hagusi. Lakini funga, mwalimu. Hapa beko batu mingi."

Nilizima Wi-Fi papo hapo. Kama yupo mwingine aliyeiona, sikuweza kujua.

Niliporudi Kasese nilianza kutafuta firewall kwa utaratibu. Ya kwanza, ya kupakua bure, iliniuliza kuhusu kila programu: niruhusu, nikatae? Kufikia mchana nilikuwa naruhusu kila kitu ili inyamaze. Bawabu anayekuita getini kwa kila mpita njia atakufanya umwachie geti wazi.

Ya pili ilikuwa na mapambo mengi, na sikuelewa inazuia nini. Nikaiondoa pia.

Mwishowe nilibaki na ile iliyokuja na Windows yenyewe. Nikaiweka Public, nikaiamuru izuie kila anayebisha kutoka nje, nikazima kushiriki faili na kuifunga folda kwa nywila. Nasisitiza: firewall haifichi unayoyatuma mtandaoni. Hiyo ni kazi ya VPN, na ya tovuti zenye https.

Kisha nikarudi Bwera kuijaribu palepale. Kambale alikuwepo.

"Papa Kambale, hebu angalia tena."

Akatafuta, akacheka. "Hakuna kitu. Ni kama vile hauko hapa!"

Ilibaki kumweleza mwenyeji. Nikasema kwa kusitasita, "Mama, usikasirike. Nyumba yako nimeiandika kuwa mahali pa umma."

Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi mzito. "Mwalimu, chumba chako unafunga na ufunguo kila siku. Nani alikupa huo ufunguo? Si mimi?"

Akanimiminia chai.

Kikao kimekwisha kufanyika. Wajane waliingia wakiwa bega kwa bega, na kwa mshangao wa shemeji zao ilikuwa dhahiri kwamba hawakuwa wamesikia neno. Miti ya mipaka ya mashamba yao imeanza kupandwa upya.

Basi fundisho langu, wakuu: kufunga mlango si kumtukana mwenyeji. Chagua Public hata kwa shangazi yako, kisha unywe chai yake kwa amani.

Ninyi mnatumia firewall gani mkiwa gesti? Na mwenye hoja ya kunisahihisha, uwanja ni wake.