Nyasi Zilizokubali Udongo wa Shaba

Mama Kapya, mkulima wa karibu na mgodi wa Kinsevere, alishangaa kuona nyasi zimestawi kwenye kilima chenye udongo wa shaba, mahali ambapo mahindi yake hunyauka. Nyasi za aina ileile ziliota pia mtoni. Akachuma mbegu za mtoni, akazipanda kilimani. Karibu zote zilikufa. Mashina machache tu yalisimama.

“Ng’oa tu, mama,” binti yake Julienne alimwambia. “Udongo iko na sumu.”

“Sasa juu ya nini hii imepona, na ingine imekufa?”

Mbegu za yale machache akazipanda palepale. Msimu uliofuata nyingi zaidi zilisimama.

“Kumbe hata nyasi ya kilima ilianzaga hivi: yenye kupona inazaa yenye kupona!” alisema Kapya.

Julienne naye akachuchumaa kuzitazama.